Kipande kinachohama: kutoka jicho la nzi hadi chandarua

Vitabu vyetu vya baiolojia vya sekondari vikifika kwenye mabadiliko ya jeni havikosi mfano wa selimundu. Herufi moja ya DNA kwenye jeni ya himoglobini, T imekaa palipokuwa na A, na chembe nyekundu za damu zinajipinda. Mfano ni mzuri, na ukanda wetu hauhitaji kuelezwa ugonjwa wenyewe ni upi. Lakini nimefundisha somo hili miaka ya kutosha kuona kinachobaki kichwani mwa mwanafunzi: anatoka darasani akiamini kwamba jeni ikibadilika, basi herufi imekosewa, protini imeharibika, habari imeisha.

Nzi wa matunda, yule mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi, ana habari nyingine. Kwa nzi huyu, Drosophila melanogaster, zaidi ya nusu ya mabadiliko yanayoonekana kwa macho, yale yaliyojitokeza yenyewe maabarani bila mionzi wala kemikali, hayakutokana na herufi kukosewa. Yalitokana na kipande cha DNA, mara nyingi chenye maelfu ya herufi, kilichotoka kwingine na kujichomeka ndani ya jeni au jirani yake. Na mara nyingi maandishi ya jeni yenyewe yamebaki mazima. Kilichobadilika ni lini inasomwa, inasomwa kwenye sehemu gani ya mwili, na kwa wingi gani.

Maarufu kuliko wote ni yule dume mwenye macho meupe wa mwaka 1910, kwenye maabara ya Thomas Hunt Morgan katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Nzi wa kawaida ana macho mekundu yaliyokolea. Morgan alimzalisha yule mweupe, akafuatilia weupe unavyorithiwa kizazi hadi kizazi, akaonyesha kwamba unasafiri pamoja na kromosomu X. Hapo wazo kwamba jeni zinakaa kwenye kromosomu likapata miguu ya kusimamia, na mwaka 1933 mwenyewe akapewa Tuzo ya Nobel. Haya yamo kwenye kila kitabu. Kisichoelezwa ni nini hasa kilimpata yule dume. Morgan asingeweza kujua. Ilibidi miongo mingi ipite, hadi DNA ilipoanza kukatwa, kunakiliwa na kusomwa maabarani. Ndipo ikaonekana kwamba jeni inayohusika, inayoitwa white, imevamiwa na kipande kinachoitwa Doc, na kimekaa pale pale usomaji wa jeni unapoanzia. White kazi yake ni kutengeneza protini inayopitisha malighafi za rangi kuingia kwenye seli za jicho. Usomaji ukizuiwa mwanzoni, protini haipatikani, na jicho linabaki jeupe.

Kwa hiyo badiliko maarufu kuliko yote katika historia ya jenetiki halikuwa kosa la herufi. Lilikuwa uhamiaji.

Nilipokuwa nasoma shahada ya pili Uingereza nilipangiwa kazi kwenye chumba cha nzi. Chumba hicho kinawekwa kwenye nyuzi joto 25, na kwa joto hilo yai linakuwa nzi kamili kwa siku kama kumi tu. Chakula chao ni unga wa mahindi, sukari, hamira na agari, vinapikwa kwenye sufuria kubwa mpaka vishikane, kisha vinamiminwa vikiwa moto kwenye vichupa. Mimi niliyekulia kwenye ugali nilijiona niko nyumbani, mpaka nilipoinusa asidi wanayotia kuzuia ukungu. Kuwatazama nzi nako kuna utaratibu wake. Unawalaza kwa hewa ya kaboni dioksidi juu ya sahani yenye vitundu, unawapanga kwa brashi ndogo ya mchoraji, halafu unainamia hadubini.

Siku za mwanzo msimamizi wangu aliniwekea watatu kwa mstari. Wa kwanza nzi wa kawaida, macho mekundu ya tofali. Wa pili wa ukoo wa Morgan, macho meupe pee. Wa tatu macho ya rangi ya chungwa iliyopauka. Wenzetu wanaiita aprikoti. Tofauti ya hao watatu iko kwenye jeni ileile ya white, na si tofauti ya tahajia.

Huyo wa aprikoti anafaa kutazamwa taratibu. Jeni haisomwi yote ikatumika yote. Kuna sehemu zinazobeba maagizo ya protini, na katikati yake kuna introni, ambazo hunakiliwa kwenye RNA, yaani ile nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, kisha hukatwa na kutupwa. Kwa nzi wa aprikoti, kipande kiitwacho copia kimejichomeka kwenye introni ya pili ya white. Kwa hesabu ya haraka utasema hakuna shida: introni itakatwa, na copia itaondoka nayo. Ila copia, kama ndugu zake wote wa jamii hiyo, haiji mikono mitupu. Kwenye ncha zake ina alama zake yenyewe, ya kuanzia kusoma na ya kukomea. Kimeng'enya kinachonakili RNA kinakuja kikisoma white vizuri, kinaingia kwenye introni, kinakutana na alama ya kukomea ya copia, na mara nyingi kinaishia hapo. RNA inatoka nusu, haina kazi. Mara chache kinapita, kinamaliza jeni yote, introni inakatwa na copia ikiwa tumboni mwake, na protini kamili inapatikana. Hicho kidogo kinachopatikana ndicho ile rangi ya chungwa uliyoiona.

Ushahidi unakuja kwa njia mbili ninazozipenda sana. Kuna nzi wa ukoo huu ambao copia ilijiondoa ikaacha ncha yake moja tu ndani ya introni. Macho yao yakarudi karibu na wekundu wa kawaida. Halafu kuna badiliko kwenye jeni nyingine kabisa, inayohusika na kazi ya kukata introni, ambalo likimpata nzi wa aprikoti macho yake yanakolea. Yaani rangi ya jicho inabadilika bila mtu kugusa jeni ya rangi wala kipande kilichoivamia. Ukimweleza haya mwanafunzi aliyezoea selimundu, anakunja uso kwanza.

Lakini mimi moyo wangu uko kwa nzi mwingine, anayeitwa yellow-2.

Nzi wa kawaida ana mwili wa kahawia na nywele ngumu nyeusi mgongoni. Nzi aliyepoteza kabisa jeni ya yellow anakuwa wa manjano kote, nywele nazo zikiwa za rangi hafifu. Yellow-2 si huyu wala si yule. Mwili wake wa manjano, mabawa yake ya manjano, lakini nywele za mgongoni nyeusi tii, zimesimama wima kila moja kwenye kishimo chake. Chini ya hadubini unaona mpaka wenyewe: ngozi imepauka hadi kwenye shina la unywele, na unywele unaanza mweusi hapo hapo. Jeni moja, mdudu mmoja, sehemu hii imezimwa na milimita isiyofika mbele imewashwa.

Aliyeingia hapa ni kipande kinachoitwa gypsy, na amekaa herufi kama 700 kabla ya mwanzo wa jeni. Ili kuelewa alichofanya lazima ujue kwamba jeni ya yellow ina swichi kadhaa, yaani vipande vya DNA vinavyoamuru isomwe kwenye tishu fulani. Wanabaiolojia huziita enhansa. Swichi ya mabawa na swichi ya ngozi ya mwili ziko kabla ya mwanzo wa jeni. Swichi ya nywele iko upande wa pili, ndani ya introni. Gypsy akajipenyeza katikati, kati ya zile swichi mbili na jeni yao. Ndani yake kuna sehemu 12 ambazo protini ya nzi mwenyewe, iitwayo Su(Hw), huzishika. Ikishazishika, eneo hilo linakuwa kizuizi. Swichi zilizo ng'ambo haziwezi tena kuifikia jeni. Ile iliyo upande wa jeni inaendelea na kazi kama vile hakuna kilichotokea. Pamela Geyer na Victor Corces ndio waliolichambua jambo hili kwa kina, miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kazi yao ni miongoni mwa zilizofungua mlango wa kuelewa kwamba kromosomu ina mipaka ndani yake.

Sasa fanya hivi: mwache gypsy pale pale alipo, ila mnyime nzi ile protini ya Su(Hw). Mwili unarudi kuwa wa kahawia. DNA ya yellow haijaguswa, kipande bado kimo, swichi zilikuwa nzima muda wote. Kilichokosekana ni mshikaji. (Majike wa aina hiyo huwa tasa, maana Su(Hw) ina kazi nyingine kwenye ovari, kwa hiyo mtu asidhani nzi anaishi kwa ajili ya kumhudumia gypsy.)

Jeni nyingine, cut, swichi yake ya ukingo wa bawa iko mbali sana, herufi kama 85,000 kutoka mwanzo wa jeni. Gypsy akiingia kwenye umbali huo, bawa linaota likiwa limemegeka kingo. Makumi ya maelfu ya herufi kutoka kwenye jeni, na bado jeni inaona athari. Mtu anayesoma DNA ya jeni peke yake, akisaka herufi iliyokosewa, hapati kitu.

Vipande hivi ni nini basi? Kwa kifupi, ni mifuatano ya DNA inayojua kuhama. Vingine, kama copia, gypsy na Doc, hujinakili kwanza kuwa RNA, RNA ikageuzwa kuwa DNA, na nakala mpya ikachomekwa mahali pengine, ya zamani ikibaki ilipo. Vingine, kama P, hujikata na kujibandika kwingine. Aliyevigundua kwanza hakuwa na nzi, alikuwa na mahindi: Barbara McClintock, kule Cold Spring Harbor, miaka ya 1940, akifuatilia punje zenye madoadoa. Alisema vipande hivyo vinahama na vinadhibiti jeni vinakokwenda. Kuhama, wenzake walikuja kukubali. Kudhibiti ndiko kulikowakaa kooni. Nobel alipewa mwaka 1983, akiwa na miaka 81.

Kwa nzi wa matunda vipande hivi ni karibu sehemu moja ya tano ya DNA yote. Kwetu binadamu ni karibu nusu. Ndiyo maana kwa muda mrefu viliitwa takataka, na sasa, kwa sababu watu hupenda kuruka kutoka pembe moja hadi nyingine, naona vinaitwa hazina. Sikubaliani na lolote kati ya hayo. Vipande vingi mno vilivyomo kwenye kromosomu ya nzi vimekufa, havihami, wala hakuna ushahidi kwamba vinafanya lolote. Vichache vinaleta madhara na nzi anayevibeba anaondolewa na uteuzi asilia. Na vichache zaidi vimekaa mahali ambapo vinamfaa mwenyeji. Ukitaka kusema neno la kweli, sema kuhusu kipande fulani, mahali fulani, kwa nzi fulani.

Kipande cha P kina kisa chake. Koo za nzi zilizotunzwa maabarani tangu enzi za Morgan hazina P. Nzi wa porini wa leo wanacho karibu wote. Kilitoka kwa spishi nyingine, Drosophila willistoni wa mabara ya Amerika, kikaingia kwa melanogaster katika karne ya 20 na kuenea dunia nzima kwa miongo michache, wakati wale wa vichupani wamejifungia ndani. Mtu alipokuja kupandisha dume wa porini na jike wa maabara, watoto walitoka tasa, kromosomu zimevunjika, mabadiliko mapya kila mahali. Akigeuza, jike wa porini na dume wa maabara, watoto wazima. Jenetiki ile ile pande zote mbili, matokeo mbalimbali! Margaret Kidwell na wenzake walilieleza tatizo hili mwaka 1977, na jibu la kwa nini mama ndiye mwenye kinga lilikuja baadaye sana: jike aliyezoeana na P huweka ndani ya yai RNA fupi fupi, zinazoitwa piRNA, ambazo humtambua P na kumnyamazisha. Jike wa maabara hana za kuweka.

Kinga hiyo yenyewe inabadilisha usomaji wa jeni. Piwi, protini inayobeba piRNA, ikikipata kipande kinachosomwa, inaita wenzake waje kulifunga eneo hilo. DNA inakazwa, alama za ukimya zinawekwa juu ya protini ambazo DNA imezizunguka. Na ukimya huo hauishii kwenye mpaka wa kipande. Unaweza kusambaa hadi maelfu ya herufi pembeni, ukaipunguzia sauti jeni isiyo na hatia. Hapo kipande hakikuleta swichi wala kizuizi. Kosa la jeni ni kuwa jirani.

Mwaka 1982 Gerald Rubin na Allan Spradling walimgeuza P kuwa chombo: wakampakia jeni wanayoitaka, wakaidunga kwenye kiinitete cha nzi, P akaiingiza kwenye kromosomu. Karibu kila maabara ya nzi duniani imeishi kwa mbinu hiyo. Kazi yangu mwenyewe kwenye kile chumba ilikuwa kuchambua nzi wa namna hiyo, waliotiwa nakala ndogo ya white kama alama ya kuwatambua. Nakala ni moja, herufi zilezile, lakini kichupa hiki nzi wana macho ya manjano hafifu, kile cha chungwa, kile mekundu karibu na ya kawaida, kwa sababu P aliiangusha jeni mahali tofauti kwa kila ukoo. Ukiwa na kreti zima la vichupa mbele yako huhitaji mtu akuhubirie kwamba mahali ni nusu ya habari.

Hadi hapa msomaji mwenye haraka atauliza: haya ya rangi za macho na nywele yananihusu nini? Twende kwenye sumu.

Nzi wa matunda wana jeni iitwayo Cyp6g1, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunjavunja sumu, cha jamii ya P450. Mwaka 2002 Phillip Daborn, Richard ffrench-Constant na wenzao walionyesha kwamba koo za nzi wasiokufa kwa DDT, kutoka sehemu mbalimbali za dunia, zinaisoma jeni hii kupita kiasi, na kwamba zote zina kipande cha aina ya Accord mbele ya jeni, mahali pale pale. Kipande chenyewe ni kifupi, hakifiki herufi 500, ni ncha tu iliyobaki ya kipande kamili. Hakihami tena. Lakini kimebeba swichi.

Tunajuaje kwamba ni chenyewe, na si kitu kingine kilichopo jirani kinachorithiwa pamoja nacho? Hili ndilo swali la kuuliza kila unapoambiwa kipande fulani kimefanya jambo fulani, na makala nyingi za kisayansi, nasema bila aibu, huishia kwenye kuonyesha kwamba viwili vinaonekana pamoja. Kwa Accord watu walikwenda mbele. Kwanza, nzi waliotengenezwa makusudi ili waisome Cyp6g1 kwa wingi, bila kuwa na Accord, walipata usugu. Kwa hiyo wingi wa kimeng'enya unatosha. Kisha mwaka 2007 Henry Chung na wenzake wakakichukua kipande cha Accord, wakakiunga na jeni ya majaribio inayotoa rangi, wakakitia kwa nzi. Rangi ikatokea kwenye utumbo wa kati, kwenye mirija ya Malpighi ambayo ndiyo figo za mdudu, na kwenye tishu ya mafuta. Hizo ndizo sehemu ambazo mdudu husafishia sumu. Accord hakuiongezea jeni sauti tu. Aliipeleka kwenye tishu zinazofaa.

Mwaka 2004 ulitoka uchunguzi wa koo 673 za nzi kutoka makundi 34 duniani. Nje ya Afrika, Accord alikuwamo kwa asilimia 85 hadi 100. Kwa nzi wa Afrika Mashariki, asilimia 32 hadi 55. Nzi huyu asili yake ni Afrika. Huko Zimbabwe, kwenye misitu ya Matobo, watafiti walimkuta porini akila matunda ya mng'ong'o, mbali na majiko ya watu. Kwa hiyo hapa kwetu ndiko kwenye aina nyingi za zamani, na huko ughaibuni ndiko sumu ilikopiga mfululizo ikawabakiza wenye Accord karibu peke yao. Pembeni ya Cyp6g1, DNA ya nzi wa ughaibuni inafanana kupita kawaida, dalili kwamba badiliko lilipanda kwa kasi likavuta majirani zake.

Marekani ilipiga marufuku DDT mwaka 1972. Accord hakuondoka. Sababu mojawapo ni kwamba kimeng'enya hicho kinaguguna sumu nyingine pia, pamoja na imidakloprida, dawa ya kisasa kabisa inayopulizwa mashambani. Na hadithi haikuishia kwa Accord. Baadaye ilionekana kwamba kwa nzi wengi jeni ya Cyp6g1 imejirudia mara mbili, kisha kipande kingine, HMS-Beagle, kikaingia ndani ya Accord, na kwa wengine P naye akaja juu yake. Kila hatua usugu ukaongezeka. Ghorofa ya wahamiaji, mmoja juu ya mwingine.

Kuna jambo dogo hapa ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Drosophila simulans, binamu wa karibu wa nzi wetu, naye huko California alikutwa na kipande mbele ya Cyp6g1 yake, na wenye kipande hicho wanaisoma jeni kwa wingi. Kipande chenyewe ni Doc. Ni ukoo uleule wa Doc uliozima white kwa yule dume wa Morgan. Mahali pamoja kinaambatana na jeni kuzimwa, mahali pengine na jeni kuwashwa. Hakuna kipande kibaya wala kizuri kwa jina lake.

Sasa toka kwa nzi uende kwa mbu. Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wakuu wa malaria, anauawa na piretroidi, dawa iliyopakwa kwenye vyandarua tunavyogawiwa kliniki. Vyandarua vilipoongezeka, usugu nao ukaongezeka. Mwaka 2022 Harun Njoroge na wenzake walichapisha kilichotokea kwa mbu wa Uganda, baada ya kusoma DNA zao kutoka kwenye mradi mkubwa wa jenomu za mbu huyo. Walikuta eneo moja la kromosomu lililopanda kwa kasi isiyo ya kawaida, na ndani yake fungu la jeni za P450, jamii ileile ya Cyp6g1. Kulikuwa na mabadiliko matatu yanayotembea pamoja. La kwanza herufi moja kwenye jeni ya Cyp6p4, la aina ya selimundu ukipenda. La pili kipande kilichohama, ambacho kimeingia mbele ya jeni hizo. Ni sehemu tu ya kipande kamili, kama alivyo Accord, na ukoo wake unaitwa Zanzibar. La tatu jeni ya Cyp6aa1 kujirudia mara mbili.

Inaonekana yalianzia mpakani mwa Kenya na Uganda. Wenye mawili ya kwanza walitangulia, kisha wenye matatu wakawaondoa wao, wakaenea hadi Kongo na Tanzania. Mbu mwenye yote matatu anazisoma kwa wingi jeni za kuvunja piretroidi, na ukimweka kwenye deltamethrini, ambayo ni mojawapo ya dawa za vyandarua, anahimili kuliko wenzake. Ukilinganisha na nzi unaona ngazi zinazofanana sana: kipande mbele ya P450, jeni kujirudia, usugu kupanda. Nzi na mbu walitengana kitambo kirefu mno, zaidi ya miaka milioni 200, na kila mmoja akajibu sumu yetu kwa njia ileile.

Kuna vyandarua vya aina mpya vilivyotiwa kemikali ya PBO pamoja na piretroidi. PBO yenyewe haiui mbu kwa kipimo hicho. Inavizuia vimeng'enya vya P450 visifanye kazi. Mbu wenye mabadiliko matatu wakiguswa na vyandarua hivyo hufa zaidi kuliko wakiguswa na vile vya kawaida. Ndiyo maana kujua usugu umetokana na nini si kazi ya kujifurahisha ya watu wa maabara. Usugu uliotokana na P450 unapungua kwa PBO. Ule uliotokana na badiliko kwenye neva ambako dawa inapopigia ni habari tofauti, na mganga wa wilaya anayepanga vyandarua gani viletwe anahitaji kujua usugu upi ni upi.

Kwa upande wa kile kipande cha Zanzibar, bado natamani jambo moja. Mabadiliko yale matatu yanarithiwa kwa pamoja, kwa hiyo kuhesabu mbu porini peke yake hakutoshi kusema kila moja lina mchango wa kiasi gani. Yafaa kifanyiwe kile alichofanyiwa Accord: kitolewe peke yake, kiungwe na jeni ya majaribio ndani ya mbu asiye na usugu, kisha tuone rangi inatokea kwenye tishu zipi, na kwa wingi gani.